Kosa Liitwe Kosa

Upumbavu hautembei uchi. Ungetembea uchi, hata mtoto wa chekechea angeuzomea ukakimbilia vichakani. Ndiyo maana kila wazo la kipumbavu, liwe la nyumbani, la dukani au la bungeni, hupitia kwanza kwa fundi cherehani likashonewa kanzu. Fundi huyo ni lugha. Na sisi tunaojinasibu kuwa wapenzi wa lugha, malenga na wahariri, walimu na watafsiri, ndio wenye cherehani. Basi makala haya hayawalengi wanasiasa na wafanyabiashara peke yao. Yanatulenga pia sisi tunaowapimia kitambaa.

Kanzu inayovaliwa kuliko zote katika zama zetu ni neno changamoto.

Neno lenyewe halina dhambi. Changamoto ni jambo linalomsisimua mtu na kumtia ari ya kunyoosha misuli ya mwili au ya akili: mlima kwa mpandaji, vina vigumu kwa mshairi, hesabu ngumu kwa mwanafunzi hodari. Ni neno la heshima, na aliyelipenda hapo mwanzo hakukosea. Lakini litazameni leo linavyotumikishwa. Bomba limekauka wiki ya tatu: tuna changamoto ya maji. Mhasibu katoroka na mishahara ya watu: ofisi inapitia changamoto ya kiutendaji. Daktari hayupo, dawa hakuna, kitanda hakuna: sekta ya afya ina changamoto zake. Mtoto amemaliza darasa la saba na kusoma hajui: changamoto za elimu. Mume anampiga mkewe: ndoa yao ina changamoto. Haitapita miaka mingi mwizi atasimama kizimbani na kueleza kuwa alikuwa na changamoto ya kutofautisha mali yake na ya jirani.

Kiswahili hakikuwa na njaa ya maneno hata tukalazimika kuyapika yote katika chungu kimoja. Dosari ni doa katika kitu chema. Kasoro ni kukosekana kwa kilichopaswa kuwapo. Hitilafu ni kwenda kombo kwa mtambo au mpango. Uzembe ni kazi inayojulikana ambayo mwenye kazi hakutaka kuifanya. Ubadhirifu ni kutapanya mali usiyoichuma. Wizi ni wizi. Na kila neno hapa lina mlango wake wa kubisha. Ukisema hitilafu, unamwita fundi. Ukisema kasoro, unatafuta kilichopungua ili ukiongeze. Ukisema uzembe, unamwita msimamizi ajieleze. Ukisema wizi, unamwita polisi. Ukisema changamoto, unaitisha warsha. Na warsha huitishwa kweli, yenye chai na posho, bango ukutani na picha ya pamoja, na jioni wadau huazimia kwa kauli moja kwamba mchakato uendelee.

Baada ya msamiati, tuitazame sarufi, kwa sababu kanzu nzuri huhitaji pia kofia. Kiswahili kina kauli ya kutendeka, na ni moja ya mapambo yake. Tunasema Ali amevunja kioo, na Ali anaonekana. Tunasema kioo kimevunjwa na Ali, na Ali bado yupo, ingawa amesogezwa nyuma. Lakini tukisema kioo kimevunjika, Ali ameondoka kabisa, tena mlango umefungwa nyuma yake: sarufi haituruhusu kusema kioo kimevunjika na Ali. Kwa tawi lililokatika kwa upepo na kamba iliyochakaa ikakatika yenyewe, kauli hii ndiyo hasa inayofaa. Kwa mkono wa mtu, ni maficho.

Watoto wanalijua hilo kabla ya kwenda shule. Aliyeangusha sahani hukimbilia jikoni na kusema, “Mama, sahani imevunjika.” Na mama, ambaye hana shahada ya isimu, humjibu papo hapo: “Imejivunja?” Swali hilo la neno moja lina elimu kuliko makongamano mengi, na ningependa kila mwandishi wa habari alitie mfukoni pamoja na kalamu yake. Fedha zimepotea. Zimejipoteza? Nyaraka zimechanganyika. Zimejichanganya? Barabara imeharibika miezi minne baada ya kuzinduliwa. Imejiharibu? Bei zimepanda. Zimepanda ngazi ipi, na nani aliishika ngazi?

Msomaji anaweza kudhani kuwa haya ni mabishano ya walimu wa sarufi wasio na kazi. La. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilizama karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria. Kivuko hicho kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 200. Sasa tazameni vitenzi vilivyojaa katika habari za siku zile: kivuko kilizama, ajali ilitokea, watu walipoteza maisha. Hicho cha mwisho kinastahili kuulizwa peke yake. Tangu lini Mswahili akapoteza maisha kama anayepoteza funguo? Mswahili hufa, hufariki, huiaga dunia. Na akizidishwa na wenzake katika chombo kisichowamudu, huyo ameuawa na uzembe. “Kilizama” hakidai jawabu. “Kilijazwa kupita kiasi” kinadai: kilijazwa na nani, mbele ya macho ya nani? Na ni kweli kwamba Rais wa wakati ule alipofika kwenye swali la “nani,” aliamuru wahusika wakamatwe. Lakini ziwa hilohilo lilikuwa limekwisha kuimeza meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, nayo ilikuwa imejazwa mno. Miaka 22 ni muda mrefu wa kusema “ajali ilitokea.” Neno ajali likikaa sana mahali pa neno kosa, kosa hupata makazi ya kudumu.

Tuingie sasa katika mambo ya kila siku. Kuna neno mchango. Limetokana na kuchanga, na ndani yake mna hiari, mna ujirani, mna sufuria la msiba na kadi ya harusi. Mtu akichanga, ametoa kwa moyo. Asipochanga, huenda akasemwa, lakini hafukuzwi mtaani. Neno hilo tamu likachukuliwa likavishwa sare. Katika miaka ya 1990 hospitalini palianza “kuchangia gharama,” ambako kwa lugha ya kawaida huitwa kulipa. Shuleni ikaja michango ya dawati, ya mlinzi, ya mtihani, na mtoto ambaye mzazi wake “hakuchangia” akarudishwa nyumbani. Mambo yakafika pabaya kiasi kwamba mwezi Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango katika shule za msingi na sekondari za serikali. Angalieni jinsi neno lilivyogeuzwa: ikabidi dola ikataze kitu ambacho, kwa maana ya jina lake, hakiwezi kulazimishwa. Tungaliita malipo kuwa malipo tangu siku ya kwanza, wazazi wangeuliza mapema: tunalipia nini, na kodi yetu inafanya kazi gani?

Au chukueni mgao wa umeme, ambao Watanzania wanaukumbuka hasa kwa miaka ya 2006 na 2011. Kugawa ni kutoa sehemu kwa kila mmoja: ubwabwa hugawiwa, mirathi hugawiwa. Kwa hiyo neno lilikuwa na haki yake, maana umeme mchache uligawanywa kwa zamu. Ila aliyekaa gizani tangu asubuhi hadi usiku wa manane alijua vizuri ni kipi alichogawiwa. Siku hizi hata mgao limeonekana neno kali. Tunaambiwa kuna “maboresho ya miundombinu.” Umeme ukikatika mara tatu kwa siku, basi tumeboreshwa mara tatu.

Katika biashara, kanzu inayotamba ni fursa. Kijana mwenye shahada anafanya kazi mwaka mzima bila mshahara: amepewa fursa ya kujitolea. Kujitolea ni kujitoa mwenyewe kwa hiari. Anayejitolea anaweza kusema kesho sitaki, na kesho asiadhibiwe. Huyu wetu akisema hivyo, nafasi inapewa mwingine aliyepanga foleni. Mwajiri wake humwambia pia kwamba “kampuni yetu ni familia.” Ni usemi mtamu, ingawa sijapata kumwona baba akimpa mwanawe barua ya kupunguzwa kwa sababu robo ya mwaka imekwenda vibaya.

Na mikopo! Mkopeshaji hubandika tangazo lenye picha ya mama anayetabasamu, na maneno yaliyojaa uwezeshaji na maendeleo. Mama anakopa, riba inakimbia kuliko biashara yake ya vitumbua, marejesho yanadaiwa kila wiki au hata kila siku, na mwishowe kochi na runinga vinabebwa mchana kweupe. Kinamama wa Tanzania hawakuisubiri kamati ya istilahi. Waliitazama mikopo hiyo, wakaipima, wakaipa jina lake: kausha damu. Maneno mawili tu. Hayakutoka chuoni wala kwenye baraza la lugha. Yametoka kwa watu waliokaushwa. Na nguvu ya jina lililo sahihi ni hii: leo hata wabunge na mawaziri wakitaka kuizungumzia mikopo hiyo, hulazimika kutamka kausha damu, kwa sababu hakuna tamko la ofisini linaloifikia. Jirani zetu wa Kenya nao wana huduma ya kukopa kwa simu iliyoanza mwaka 2019 kwa jina la Fuliza, neno lenye maana ya kuendelea bila kukatiza. Aliyelichagua alikuwa ama mjuzi wa Kiswahili ama mtabiri.

Tukifika kwenye siasa, tunao mfano ambao kila mpenzi wa Kiswahili angepaswa kuukumbuka kama anavyokumbuka kanuni za ushairi. Desemba 2018, Profesa Mussa Assad, aliyekuwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya Tanzania, alihojiwa na redio ya Umoja wa Mataifa. Akaulizwa kuhusu taarifa za ukaguzi zisizofanyiwa kazi. Akajibu kuwa Bunge lisipochukua hatua, huo kwake ni udhaifu wa Bunge. Januari 2019 Spika Job Ndugai akamwita afike mbele ya Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge. Profesa akafika, na akaeleza kwamba udhaifu ni neno la kawaida katika kazi ya ukaguzi. Tarehe 2 Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya kazi naye.

Sina haja ya kuhukumu hapa nani alikuwa na haki kikatiba. Ninatazama neno tu. Katika taarifa zile mlikuwa na fedha za umma, na kiini cha swali kilikuwa zimefuatiliwaje. Kilichoundiwa kikao kikawa neno lenye silabi nne. Naomba msomaji ajiulize kwa uaminifu: lau Profesa angesema kuwa Bunge “linakabiliwa na changamoto katika kushughulikia taarifa za ukaguzi,” je, angeitwa na kamati yoyote? Hasha. Angepigiwa makofi. Maana yake ni kwamba wenye nguvu wanazijua tofauti za maneno kuliko sisi tunaowafundisha watoto tofauti hizo. Wanajua kuwa udhaifu una mwenyewe, na changamoto ni yatima.

Tena hapa wahasibu wametuaibisha sisi malenga. Katika Kiswahili cha ukaguzi, halmashauri hupewa hati inayoridhisha, hati yenye shaka, hati isiyoridhisha au hata hati mbaya. Hati mbaya! Hakuna “hati yenye changamoto.” Watu wa tarakimu, wanaosemwa kuwa hawana ladha ya lugha, wamebaki na ujasiri wa kutamka “mbaya,” na sisi wenye ladha tunaandika tenzi za kusifu mchakato.

Najua nitajibiwa. Nitaambiwa kwamba Kiswahili ni lugha ya adabu, kwamba tuna tafsida, na kwamba muungwana hamtajii mtu aibu yake hadharani. Ni hoja nzito na sitaipita pembeni. Tafsida ni mali yetu. Tunasema amejifungua, anakwenda haja, ameitwa na Mola wake. Lakini tuiangalie tafsida inamsitiri nani. Inamsitiri mama mzazi, mgonjwa, mfiwa. Inamsitiri msikilizaji asijeruhiwe mara ya pili. Tafsida ni kanga anayofunikwa aliyeanguka. Changamoto ya ofisini humsitiri aliyesukuma. Mfiwa wa Ukara hakupunguziwa uchungu kwa kuambiwa kuwa sekta ya usafiri wa majini ina changamoto. Adabu inayomlinda mwenye nguvu dhidi ya mnyonge ina jina lingine, nalo ni woga.

Nitaambiwa pia kuwa washairi wa kale walifumba. Kweli, walifumba. Muyaka bin Haji wa Mombasa aliishi katika vita vya maneno na vya majahazi, na mafumbo yake yaliwafikia maadui zake wakajibu. Hapo ndipo penye tofauti. Fumbo lina jawabu, na anayefumbiwa akilifumbua hukuta uso wa mtu. Lugha ya mchakato na wadau ni ukungu: ukiupenya, upande wa pili unakuta ukungu mwingine.

Lakini kuna pingamizi moja ambalo ninalikubali. Kutaja kwa ukali nako kunaweza kuwa upumbavu. Mwaka 1983 serikali ya Tanzania iliendesha msako wa “wahujumu uchumi.” Neno hilo halikuficha mtenda, lilimnyooshea kidole. Ila lilitupwa kama wavu wa dagaa, likamkusanya mlanguzi mkubwa pamoja na mwenye duka aliyeficha katoni za sabuni uvunguni, katika nchi ambayo sabuni ilikuwa adimu kwa sababu kubwa kuliko uvungu wa mtu mmoja. Kwa hiyo sidai tugeuze kila hitilafu kuwa uhujumu na kila mzembe kuwa mwizi. Ninachodai ni mizani. Na mizani, malenga wenzangu, ni neno letu. Tunayejua kukataa mstari kwa kuzidi silabi moja, tunashindwaje kukataa neno linalopungua ukweli mzima? Changamoto ni duka lenye jiwe moja la kupimia: kilo ya chumvi jiwe lilelile, kilo ya dhahabu jiwe lilelile.

Basi kazi ni ndogo na inawezekana kuanza leo. Mhariri akikutana na changamoto katika habari, alifute na kumuuliza mwandishi: unakusudia nini, kasoro, uzembe au wizi? Kama hajui, habari haijaiva. Mtafsiri akiletewa taarifa ya shirika iliyojaa ukungu wa Kiingereza, asikubali kuuhamisha ukungu huo kama mzigo wa bandarini. Mwalimu akifundisha kauli ya kutendeka, awafundishe watoto na lile swali la mama jikoni. Na mshairi akialikwa kusoma kwenye hafla, apime kama alichokileta ni shairi au ni kanzu nyingine ya wazo lililostahili kutembea uchi. Mimi nimejaribu kwa beti hizi tatu.

Daraja likianguka, wa kulijenga ni yupi?
Hazina ikitoweka, ufunguo uko wapi?
Deni likiongezeka, hesabu zake ni zipi?
Kosa na liitwe kosa, changamoto si jinale.

Riba ya kausha damu, hiyo haiitwi heri,
Mchango wenye hukumu, hauwi tena hiari,
Giza la zamu kwa zamu, si mgao wa fahari,
Kosa na liitwe kosa, changamoto si jinale.

Malenga wangu simama, neno usilipumbaze,
Kweli iwapo yauma, uongo usiipoze,
Bila tusi, kwa heshima, penye giza uangaze,
Kosa na liitwe kosa, changamoto si jinale.